Kombe la Wales la Wanawake: Ni Kombe la Nani, na Mshindi Wake Huenda Wapi?

Fainali ya Kombe la Wales la Wanawake ya msimu wa 2022–23 ilichezwa Merthyr Tydfil, mji wa zamani wa viwanda vya chuma kwenye mabonde ya kusini, katika uwanja wa Penydarren Park. Cardiff City, mabingwa wapya wa ligi, waliwashinda Briton Ferry Llansawel, timu ya daraja la pili, wakaondoka na kombe. Mtazamaji wa kawaida angeona kwamba habari imeishia hapo, kwa kuwa mkubwa amemshinda mdogo kama ilivyotarajiwa. Uwanja wenyewe, hata hivyo, ulikuwa na kioja chake. Penydarren Park ni nyumbani kwa Merthyr Town, klabu ya Wales ambayo timu yake ya wanaume hucheza katika ligi za England, na kwa sababu hiyo hairuhusiwi kuingia katika Kombe la Wales la wanaume. Mwaka uliofuata fainali ya wanawake ilihamia Rodney Parade mjini Newport, ambako wenyeji, Newport County, nao ni Wawelishi walio katika ligi ya England. Kwa miaka miwili mfululizo, kombe la taifa la wanawake liliamuliwa katika nyumba za klabu ambazo wanaume wake hawalichezi kombe la taifa lao.

Mtoano wenyewe hauna fumbo. Majina huingizwa kwenye droo, timu mbili hukutana mara moja, na atakayefungwa msimu wake wa kombe umekwisha. Klabu ndogo huanza mapema, na raundi za mwanzo hupangwa kwa kanda, kaskazini na kusini, hasa kwa ajili ya barabara. Wales haina barabara ya mwendo kasi inayounganisha pande hizo mbili; kuna A470, inayotoka Cardiff hadi Llandudno kwenye pwani ya kaskazini, takriban kilomita 300 za kupinda milimani nyuma ya matrekta na malori ya kondoo. Timu ambayo beki wake ni muuguzi anayetakiwa wodini Jumatatu alfajiri haiwezi kupelekwa safari hiyo kwa ajili ya raundi ya kwanza.

Kinachowatatiza watu ni mambo mawili ambayo ratiba haiyaelezi: ni klabu ipi inayohesabiwa kuwa ya Wales, na kombe hili linampeleka mshindi wake wapi. Majibu ya maswali hayo yamebadilika zaidi ya mara moja, na hapo ndipo habari za mashindano haya zinapomchanganya msomaji anayekuja kutoka nje.

Kiswahili chetu nacho hakitusaidii sana. Tukisema Uingereza, mara tunakusudia dola nzima yenye makao makuu London, mara tunakusudia sehemu yake moja tu ambayo watangazaji wa mpira wameamua kuiita England. Wales ni nchi ndani ya dola hiyo, ina bunge lake na lugha yake, lakini haina kiti Umoja wa Mataifa. Katika soka mambo ni tofauti kabisa, kwani Chama cha Soka cha Wales, FAW, kilianzishwa mwaka 1876, kabla FIFA haijazaliwa, na ni mwanachama kamili wa FIFA na UEFA. Msomaji wa Zanzibar ataielewa hali hii upesi kuliko wengi. Naye anaishi katika muungano ambamo mpira una mipaka yake, ambamo visiwa vina ligi yao na klabu zao huingia mashindano ya Afrika kwa tiketi yao wenyewe, ilhali mara nyingi mwezi Januari klabu za bara kama Simba, Yanga na Azam huvuka bahari kuja kugombea Kombe la Mapinduzi. Tofauti ni kwamba Wales imefika FIFA, na Zanzibar bado.

Sasa ukichukua chama kamili cha soka na kukiweka katika nchi ndogo iliyoungana ardhi kwa ardhi na jirani tajiri wa mpira, utaona kilichotokea. Kombe la Wales la wanaume lilianza msimu wa 1877–78, na Wrexham wakalitwaa kwa kuwafunga Druids bao moja kwa bila. Lakini ligi ya taifa haikuwepo. Klabu zilizokuwa na uwezo zilijiunga na ligi za England, ambako fedha na watazamaji vilikuwa, huku zikiendelea kucheza Kombe la Wales. Hata klabu za England zilizo jirani na mpaka zilialikwa, na baadhi yake zikalibeba. Ilipoanzishwa michuano ya washindi wa makombe ya Ulaya, Kombe la Wales likawa mlango wa ajabu. Klabu iliyokuwa ikihangaika katika madaraja ya England ilifika Ulaya kwa kushinda kombe la nchi yake. Ndivyo Cardiff City walivyowafunga Real Madrid bao 1–0 nyumbani mwezi Machi 1971, kabla ya kutolewa katika mechi ya marudiano, na ndivyo Merthyr walivyowafunga Atalanta 2–1 mwaka 1987, hapohapo Penydarren Park.

Mambo hayo yalikoma katika miaka ya 1990. Mwaka 1992 FAW ilianzisha ligi yake ya kitaifa ya wanaume, kukiwa na wasiwasi kwamba nchi isiyo na ligi ingeweza siku moja kuulizwa kwa nini ina timu yake ya taifa na kiti chake katika bodi inayotunga sheria za mchezo. Mwaka 1995 mlango wa Kombe la Wales ukafungwa kwa klabu zilizobaki England, na ukiacha kipindi kifupi ulipofunguliwa tena, hali imebaki hivyo. Cardiff City, Swansea City na Wrexham, klabu tatu zinazojulikana zaidi duniani kutoka Wales, hazichezi kombe la wanaume la nchi yao.

Nimekaa kwa wanaume muda mrefu kwa makusudi, kwa sababu soka la wanawake lilipoanza kujengwa rasmi lilipita njia hiyohiyo, ila kwa kuchelewa miaka mingi na kwa matokeo yaliyokwenda kinyume. Kuchelewa kwenyewe hakukuwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1922, miezi michache baada ya England kufanya hivyo, FAW iliwapiga wanawake marufuku katika viwanja vya klabu zake, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1970. Kwa karibu nusu karne, timu ya wanawake iliyotaka kucheza ilitafuta uwanja wa kiwanda, wa hospitali au wa raga. Timu ya Wales isiyo rasmi ilipokutana na Jamhuri ya Ireland mwezi Mei 1973, ilicheza Llanelli, katika uwanja wa Stebonheath Park, ikafungwa 3–2 bila FAW kuihesabu kuwa timu yake.

Mwaka 1992, wachezaji watatu, Laura McAllister, Michele Adams na Karen Jones, walikwenda kuonana na katibu mkuu wa FAW, Alun Evans, wakamtaka chama kiichukue timu ya taifa ya wanawake. Huyu ndiye aliyekuwa akiisimamia ligi mpya ya wanaume mwaka uleule. Chama kilikubali, na kuanzia mwaka 1993 timu hiyo ikawa rasmi. Kombe la wanawake lilianza katika msimu huo wa 1992–93, miaka 115 baada ya lile la wanaume. McAllister baadaye aliingia kamati kuu ya UEFA na kuwa makamu wa rais wake, na kwa maoni yangu mkutano ule wa watu wanne unastahili nafasi kubwa zaidi katika historia ya mpira wa Wales kuliko ushindi mwingi unaosimuliwa. Lakini kukubaliwa hakukuwa na maana ya kugharimiwa. Mwaka 2003 FAW iliiondoa timu ya wanawake katika mechi za kufuzu za Ulaya kwa sababu ya gharama za safari.

Katika miaka hiyo kombe ndilo lililokuwa kila kitu. Ligi ya taifa ya wanawake haikuwepo; zilikuwepo ligi za mikoa ambazo washindi wake hawakukutana. UEFA ilipoanzisha mashindano ya klabu za wanawake msimu wa 2001–02, ilihitaji jina moja kutoka kila nchi, na Wales haikuwa na bingwa wa kumpeleka isipokuwa mshindi wa kombe. Mtoano wa nchi yenye watu wapatao milioni tatu ukawa ndiyo tiketi pekee ya kwenda Ulaya.

Aliyeikata tiketi hiyo mara nyingi katika muongo ule alikuwa Cardiff City Ladies, na hapa inabidi twende polepole, kwa sababu jina hili limewapoteza hata waandishi wazoefu. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1975 ikiitwa Llanedeyrn, jina la mtaa mmoja wa Cardiff. Baadaye iliungana na Cardiff City ya wanaume, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaachana, lakini wanawake wakaondoka na jina. Klabu ya wanaume nayo ikaunda timu nyingine ya wanawake, yenye jina lilelile la Cardiff City. Kukawa na timu mbili za wanawake katika mji mmoja, jina moja, zisizohusiana kwa chochote. Ile ya kale, inayojitegemea, hucheza katika mfumo wa ligi za England. Ile iliyo chini ya klabu ya wanaume hucheza ligi ya Wales. Ukiona katika orodha ya washindi jina la Cardiff City limerudiwa miaka na miaka, usidhani ni ufalme wa klabu moja. Zile za miaka ya 2000 ni za Cardiff City Ladies, ambao ndio waliomlea Jess Fishlock kabla hajaondoka kwenda Uholanzi na kuendelea hadi kuichezea Wales zaidi ya mechi 150. Zile za 2023 na 2024 ni za Cardiff City nyingine.

Sasa tazama jinsi historia ilivyojirudia. Cardiff City Ladies walicheza ligi England wikiendi moja, wakacheza Kombe la Wales wikiendi nyingine, wakalishinda, wakaiwakilisha Wales Ulaya, kama walivyofanya wanaume hadi miaka ya 1990. Kile ambacho FAW ilikikataa kwa wanaume mwaka 1995 ilikiruhusu kwa wanawake kwa miaka mingi baadaye. Wapo wanaoona hapo ubaguzi wa kinyume, au uzembe. Mimi naona hesabu tu: kwa wanaume kulikuwa na ligi mpya ya kulindwa, na kwa wanawake hakukuwa na cha kulinda. Kuwafungia mlango Cardiff City Ladies kungeliacha kombe bila timu yake bora, na Ulaya ingempata mwakilishi dhaifu zaidi.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 2009, ilipoanzishwa ligi ya kwanza ya taifa ya wanawake, ikiwa na makundi mawili, kaskazini na kusini, na fainali kati ya vinara. Swansea City waliwafunga Caernarfon katika fainali ya kwanza, na tiketi ya Ulaya ikawa yao. Tangu hapo nafasi ya Wales katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ni ya bingwa wa ligi. Kombe lilibaki na jina, historia na fainali, lakini mlango wa Ulaya ulihamishwa. Kwa wanaume haikuwa hivyo, kwani mshindi wa Kombe lao bado hupata nafasi katika mashindano ya UEFA. Hata Kombe jipya la Ulaya la wanawake lililoanza msimu wa 2025–26 hugawa nafasi zake kwa kufuata matokeo ya ligi, si ya makombe.

Ligi yenyewe ilisukwa upya mwaka 2021 ikapewa jina la Adran Premier. Adran ni neno la Kiwelishi lenye maana ya daraja au kitengo, na si kifupi cha maneno yoyote, ingawa linafanana na vifupisho vya vyama. Ligi ina timu nane. Kila moja hucheza na wenzake nyumbani na ugenini, mechi 14, kisha nne za juu na nne za chini hutengana na kucheza mechi sita zaidi ndani ya kundi lao. Chini yake zipo Adran North na Adran South, na bingwa wa kaskazini hukutana na bingwa wa kusini katika mechi moja ya kupanda daraja. Lipo pia Taji la Adran, kombe la ligi kwa klabu za madaraja hayo tu. Taarifa nyingi hulichanganya na Kombe la Wales, na kosa hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu ni Kombe la Wales pekee linaloziweka timu za vijijini chungu kimoja na mabingwa.

Ndani ya mpangilio huo, msimu wa 2022–23 ulikuwa wa aina yake. Mwezi Novemba 2022 Cardiff City waliwakaribisha Abergavenny katika uwanja mkubwa wa klabu, watu 5,175 wakafika, na hiyo ikawa rekodi ya mechi ya ligi za wanawake za Wales. Rekodi hiyo haikumaliza hata miezi mitano. Tarehe 26 Machi 2023 watu 9,511 waliingia Racecourse, uwanja wa Wrexham, kutazama mechi ya Adran North, yaani daraja la pili, dhidi ya Connah's Quay. Sababu haikuwa siri: wamiliki wapya wa Wrexham, waigizaji Ryan Reynolds na Rob McElhenney, walikuwa wameingia mwaka 2021 na kamera zao, na timu ya wanawake ilikuwa sehemu ya hadithi. Tatizo ni kwamba kamera huenda zinakotaka, na fainali ya kombe msimu huo ilizikutanisha timu mbili za kusini zisizo na waigizaji.

Briton Ferry Llansawel ndio walioufanya msimu huo uwe wa kukumbukwa, kwangu mimi angalau. Jina lao lenyewe ni somo, kwa kuwa Briton Ferry na Llansawel ni mji mmoja kwenye mdomo wa mto Neath, unaoitwa kwa Kiingereza na kwa Kiwelishi. Klabu mbili za wanaume ziliungana mwaka 2009 na kila moja ikaleta jina lake, hivyo klabu inautaja mji wake mara mbili. Wanawake wa klabu hiyo walibeba ubingwa wa Adran South. Wakafika fainali ya Kombe la Wales wakiwa timu ya daraja la pili. Wakacheza na Wrexham mechi ya kupanda daraja. Fainali walipoteza kwa mabingwa wa nchi, mechi ya kupanda daraja wakapoteza kwa Wrexham, na katika majira yaleyale ya machipuko wakajikuta wana taji moja la kusini na dirisha la usajili linalokuja wakiwa bado daraja la pili. Walipanda baadaye. Lakini fikiria kama wangelishinda kombe: kwa kanuni za kabla ya 2009 timu ya daraja la pili ingekwenda Ulaya, na kwa kanuni za sasa wangepata kombe, medali na picha. Siwezi kusema kanuni za zamani zilikuwa bora, kwa kuwa ligi ni kipimo cha haki zaidi cha msimu mzima. Ninachosema ni kwamba wanaoandika kwamba kombe la wanawake ni sawa na la wanaume hawajatazama kinachofuata baada ya fainali.

Msimu uliofuata Wrexham walikuwa wamepanda, na wakafika fainali ya Rodney Parade dhidi ya Cardiff City, waliolitetea kombe lao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi nje ya Wales kuona majina hayo mawili katika fainali moja ya Wales, na walioshangaa walikuwa na haki ya kushangaa. Wanaume wa Cardiff na wa Wrexham hawakutani katika kombe la nchi yao. Hukutana, wakikutana, katika mashindano ya England. Wanawake wa nembo zilezile wamebaki nyumbani. Klabu ya wanawake inayojulikana kwa kucheza England ni ile isiyo na klabu kubwa nyuma yake. Mpangilio umepinduka kichwa chini, na umepinduka kwa sababu kila upande ulifika mpakani katika zama tofauti: wanaume walivuka katika karne ya kumi na tisa na ya ishirini, kabla FAW haijawa na ligi ya kuwazuilia, na wanawake wa klabu hizo wakaja wakakuta ligi ya Wales imekwisha kujengwa.

Wrexham ya wanawake hucheza mechi zake nyingi za nyumbani The Rock, uwanja uliochimbwa ndani ya machimbo ya mawe huko Rhosymedre, ambako upande mmoja wa uwanja hauna jukwaa bali ukuta wa mwamba mtupu. Ni uwanja uliojulikana kama nyumba ya Cefn Druids, warithi wa wale Druids waliofungwa na Wrexham katika fainali ya kwanza ya mwaka 1878. Droo ikiwapeleka ugenini kwa The New Saints, basi lao huelekea kusini, huvuka mpaka na kuingia England, kwa sababu wenyeji wao wana makao Oswestry, mji wa England, lakini ni wanachama wa FAW na hucheza ligi ya Wales. Hapo, kwenye ardhi ya England, mwamuzi aliyeteuliwa na FAW hupuliza filimbi, na mechi ya Kombe la Wales huanza.